Shimo Safi Kuliko Yote Dolokapw

Perdus alikuwa mtu msafi, na usafi ndio uliomponza. Alifanya kazi ya udobi miaka kumi na mmoja katika hoteli moja kule Guam, akifua mashuka ya wageni, na aliporudi kwao kisiwani Pohnpei alirudi na magonjwa mawili yasiyo na dawa: kuchukia madoa na kuamini klorini. Paka wa jirani akikatiza barazani, Perdus alimwaga klorini. Nguruwe wake walioga kila Jumamosi. Mkewe, Kesdihna, alimwambia padri mbele ya watu kwamba mume wake akifa, kazi ya kumwosha maiti haitakuwapo.

Mambo yangeishia kwa nguruwe, nani angejali? Lakini bwana huyu aliupeleka usafi wake mpaka kwenye mashimo ya viazi vikuu, na hapo ndipo alipojitafutia balaa. Watu wa kijiji chake cha Dolokapw huchimba shimo refu chini ya mti, wakalijaza udongo laini na majani yaliyooza, wakapanda kipande cha kiazi, na mmea ukapanda mtini wenyewe. Kiazi kikikubali, hubebwa na watu wanne kwa mti begani. Perdus aliyatazama yale majani yaliyooza akaona takataka. Akayatoa yote. Akaponda sakafu ya shimo na kuta zake kwa gogo mpaka zikawa laini, akamwaga ndoo mbili za maji ya klorini, akaacha jua likaushe, kisha akajaza udongo aliouchekecha kwa chekeche la unga la mkewe. Shimo lile ungeweza kulilalia na shuka jeupe.

Viazi vikaoza. Mwaka wa kwanza alichimba akakuta uji wa kahawia unaonuka. Mwaka wa pili aliongeza ndoo ya tatu ya klorini, akakuta uji mwingine, tena mwepesi zaidi.

Sasa mtu angesema, si amuulize jirani? Hapo ndipo ugumu ulipo. Mwanamume wa Pohnpei haonyeshi kiazi chake na haulizi cha mwenzake. Akijikuta kwa bahati mbaya katikati ya shamba la mtu, hutazama juu mitini kana kwamba anatafuta njiwa, mpaka atoke. Kukitaja kiazi cha mwenzako kilicho shimoni ni utovu wa adabu kuliko kuzitaja nguo zake za ndani. Kwa hiyo Dolokapw nzima haikujua Perdus anafanya nini huko shambani, na Perdus hakujua wenzake wanafanya nini, na kila mtu aliridhika na heshima yake.

Tatizo ni karamu ya viazi vya kwanza. Siku hiyo kila mwenye jina la heshima huleta kiazi chake mbele ya Mkuu wa kijiji. Jina la heshima la Perdus lilikuwa Kiroun. Alipewa aliporudi kutoka Guam, na tangu siku ile hakuna aliyemwita Perdus tena isipokuwa mama yake na watu wa posta. Sakau, kinywaji chao cha heshima cha mizizi, ikipondwa jiweni na kukamuliwa, kifuu cha sita kilikuwa chake. Mkewe naye alikuwa na jina lake la heshima lililotokana na la mumewe, na kanisani alikaa mbele kwa sababu yake. Mwaka wa kwanza wa kukosa kiazi Perdus alipeleka magimbi. Mwaka wa pili alipeleka nguruwe mkubwa, msafi ajabu. Mkuu alimpokea nguruwe, kisha akasema polepole, watu wote wakisikia, kwamba Kiroun akija mara ya tatu bila kiazi hatakuwa Kiroun tena. Jina lingekwenda kwa anayefuata.

Anayefuata alikuwa Ewalihno, kaka yake Kesdihna.

Na hili ndilo lililomkosesha Perdus usingizi. Mara tatu katika miaka ile miwili alikwenda shambani asubuhi akakuta mtu ametupa uchafu ndani ya mashimo yake: kapu zima la udongo mweusi, majani yaliyooza, makumbi ya nazi, harufu ya zizi. Mara tatu aliuzoa wote na kusafisha upya huku akitukana. Halafu akaanza kusema. Dukani alisema, gatini alisema, kwenye sakau alisema: kuna mtu anamtupia uchafu mashimoni ili viazi vyake vioze, kwa sababu analitaka jina lake. Hakumtaja mtu. Hakukuwa na haja, maana anayefuata alikuwa mmoja tu, na Dolokapw wanajua kuhesabu.

Kesdihna alichoshwa. Upande mmoja mume, upande mwingine kaka, na katikati yeye na kiti chake cha mbele kanisani. Mwezi wa kwanza alipanda gari la abiria mpaka mjini Kolonia bila kuaga, akaingia ofisi ya kilimo, akarudi na bibi shamba kijana aitwaye Merihse, mwenye buti na daftari. Perdus alipomwona aliiziba njia ya shamba kwa mikono miwili.

"Mzee Kiroun, mimi pia nimezaliwa Pohnpei," Merihse alimwambia. "Sikuja kuona kiazi. Nimekuja kuona udongo."

Perdus akapima maneno hayo. Udongo si kiazi. Tena kusema kweli alikuwa na hamu ya siku nyingi ya kumwonyesha mtu kazi yake. Akampeleka. Merihse aliingia kinyumenyume kwa adabu, akaupa mgongo mti wa kiazi, akainama akachota udongo kiganjani, akaunusa.

"Unanuka hospitali," alisema.

Perdus akamshukuru.

Merihse alimtazama kwa muda, akaona kweli mzee anashukuru, akaketi chini amweleze taratibu. Viazi vinaozeshwa na minyoo midogo mno, haionekani kwa macho, inayotoboa mizizi, na kwenye tundu hilo ukungu huingia ukamalizia kazi. Minyoo hiyo huja imejificha ndani ya kipande cha mbegu chenyewe. Viazi vya watu wote Dolokapw huwa nayo kidogo. Lakini katika udongo wa kawaida mizizi imezungukwa na maelfu kwa maelfu ya viumbe wengine wadogo wanaokula kile kinachotoka kwenye mizizi. Hao hujaza nafasi zote, hugombana na wageni, na wengine huila ile minyoo yenyewe. Perdus amewaua hao wote kwa klorini. Kisha ameliponda shimo mpaka halina hewa, maji ya mvua hayatoki, na Pohnpei mvua ni ya kila siku. Minyoo ikija na mbegu inakuta nyumba tupu, yenye unyevu, haina mwenyewe.

Perdus alisikiliza yote hayo kwa heshima na hakuamini hata neno moja. Akamuuliza kama hospitali nazo zimwage uchafu wodini ili wagonjwa wapone. Merihse hakubishana. Alimwomba chupi mbili mpya za kiume, za pamba tupu.

Kesdihna alicheka mpaka akashika nguzo. Lakini binti alikuwa hana mzaha: moja izikwe katika udongo wa Perdus, nyingine katika udongo wa shamba ambalo viazi hustawi, na zikae miezi miwili. Pamba ni chakula cha viumbe wale. Itakayotoka nzima, udongo wake umekufa. Alipoondoka alimwonya kwamba asipite shamba moja hadi jingine bila kuosha miguu na panga, maana ugonjwa husafiri na tope. Kwa miguu, alisema, klorini yake ruksa. Hilo moja Perdus alilikubali kwa moyo wote.

Chupi ya kwanza aliizika mwenyewe kwa heshima zote. Ya pili ilimsumbua. Shamba ambalo viazi hustawi, kila mtu alijua ni la nani, ingawa hakuna aliyewahi kusema: kiazi cha Ewalihno mwaka uliopita kilibebwa na watu sita. Perdus alijiambia kwamba atakwenda kwa adui kuchunguza, si kuomba. Akangoja Jumapili, Ewalihno yuko kwenye kikao cha kanisa baada ya misa, akaosha miguu, akapenya msituni, akaizika chupi karibu na shimo kubwa kuliko yote huku akitazama juu mitini wakati wote. Ndiyo maana alichimba vibaya na kujikata kidole.

Miezi miwili ikapita. Jumapili moja Perdus akafukua ya kwake. Ilitoka nzima, imeshonwa vilevile, nyeupe kuliko ilivyoingia. Aliikung'uta, akaitazama kwenye jua, na nusura aivae. Moyoni alijua kwamba hii ni habari mbaya, ila dobi ni dobi.

Jumapili hiyo hiyo akaenda kwa Ewalihno. Safari hii ilibidi atazame chini. Akapiga magoti, akaingiza mikono katika udongo mweusi uliokuwa ukijitenga wenyewe vidoleni, wenye harufu ya msitu baada ya mvua, na minyoo mikubwa ya ardhi ikimkimbia. Alichimbua mpaka kwenye viwiko. Akapata mpira wa kiunoni na nyuzi mbili zikining'inia. Basi. Chupi nzima imeliwa.

Alipoinua uso, Ewalihno alikuwa amesimama mbele yake, panga mkononi, akitazama juu mitini.

Perdus naye akatazama juu. Kikao cha kanisa kilikuwa kimeahirishwa, ndivyo alivyokuja kujua baadaye. Wakakaa hivyo, wanaume wawili wazima na majina yao ya heshima, mmoja amepiga magoti matopeni, wote wakikagua matawi. Ewalihno akasema mashelisheli mwaka huu yanaelekea kuwa mengi. Perdus akasema ndiyo, isipokuwa upepo. Ewalihno akasema upepo nao umezidi. Wangeweza kuendelea hivyo mpaka Jumatatu, na adabu ilitaka Perdus ainuke aondoke bila neno jingine. Lakini macho ya Ewalihno yalishuka, yakaangukia ule mpira wa chupi, na yakakataa kupanda tena.

"Shemeji," alisema, "hiyo ni ya kwako?"

"Ilikuwa," Perdus akajibu.

Aibu ikamwishia palepale, maana aibu ina mwisho wake. Akamweleza yote, kuanzia bibi shamba mpaka chupi ya kwanza iliyotoka nzima. Ewalihno hakucheka. Alikaa juu ya mzizi, akalichomeka panga ardhini, akavuta pumzi.

"Nimekuletea udongo huu mara tatu," alisema. "Mara tatu umeumwaga mtoni."

Perdus akatazama udongo uliojaa kuchani mwake.

"Baba yako aliumwa ukiwa Guam. Mimi ndiye niliyemlimia. Kabla hajafa aliniambia nichukue makapu ya udongo wa mashimo yake, niutunze kwangu na mbegu zangu, maana haijulikani utarudi lini na shamba litabaki tupu. Akasema ukirudi nikurudishie. Sasa nitakurudishiaje, shemeji? Nikuambie nini? Kwamba nimekwenda shambani kwako nikaona mashimo yako yanavyong'aa?"

Perdus alilia. Alilia akiwa amepiga magoti vilevile, na mpira wa chupi bado uko kidoleni. Miaka miwili alikuwa akimpaka matope mtu huyu dukani na gatini, na mtu huyu angepata jina kwa kukaa kimya tu na kuacha viazi vioze. Akamuuliza kwa nini hakufanya hivyo. Ewalihno akasema jina akilipata kwa kiazi chake atalipokea, lakini kwa uji wa shemeji yake, hapana. Kisha akamwambia achukue makapu mawili, apite njia ya mtoni, na wote wawili leo hawakuonana.

Perdus alipanda mwisho wa mwezi wa tatu. Alivunja sakafu ya mashimo ile aliyoiponda kwa jasho lake, akaweka mawe na makumbi chini ili maji yapite, akajaza udongo wa baba yake na majani yaliyooza, tena kwa mikono mitupu. Kila alipomaliza alikwenda kunawa hadi kwapani. Mapipa ya klorini Kesdihna aliyafungia stoo na ufunguo akaufunga kwenye kanga yake. Miezi minane mzee alilizunguka shimo lake bila kulichokonoa, na mchecheto wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba aliwaogesha nguruwe mara mbili kwa wiki.

Mwezi wa kumi na moja akachimba. Alichimba kwa vidole, macho ameyafumba, akingoja uji. Vidole vikagonga kitu kigumu. Akakifuata kigumu kile pembeni, kikaendelea. Akakifuata chini, kikaendelea. Kilikuwa kiazi cha watu wawili tu, si cha kumtisha mtu, ila kizima, hakina hata doa. Kesdihna alikipiga busu mbele ya majirani, halafu akakumbuka adabu akajifanya anakipangusa.

Siku ya karamu nyumba ya mikutano ilijaa. Kiazi cha Ewalihno kiliingia kwa mabega ya watu saba, na watu wote wakatazama pembeni kama inavyopasa. Kiazi cha Perdus kikawekwa mbele ya Mkuu, kikakatwa, nyama yake nyeupe. Mkuu akaitikia kwa kichwa. Kule kwa wanawake Kesdihna akanyoosha shingo. Jina limebaki.

Ndipo msemaji wa Mkuu, mtu wa maneno mengi, alipotaka kuichangamsha sakau. Akasema heri Kiroun amefanikiwa mwaka huu, na wale wenye desturi ya kutupa uchafu katika mashimo ya wenzao watafute kazi nyingine. Nyumba nzima ikacheka. Ikacheka huku ikimtazama Ewalihno. Naye Ewalihno akaangalia mikono yake, kwa sababu kujitetea ni kukiri aliingia shamba la mtu, na kukiri ni aibu kuliko kuchekwa.

Kifuu cha sita kilikuwa njiani. Perdus alikiona kikija. Angekunywa tu, basi, yangekwisha, na angebaki Kiroun mpaka siku ya kuingia kaburini. Kesdihna alimwona anavyojisogeza akamkazia macho akae.

Perdus akasimama. Akasema hakuna aliyetupa uchafu. Akasema uchafu ulikuwa dawa, na mashimo yake yalikuwa machafu kwa klorini, na uongo wote ule aliueneza yeye. Akasema kiazi hiki kimekula udongo kutoka mashimo ya Ewalihno, yale makubwa, nyuma ya kilima, karibu na mshelisheli wenye mikono miwili, na kwamba yeye mwenyewe aliingia humo mara mbili akaona kila kitu. Hata chupi aliitaja.

Mama mmoja aliziba masikio ya mjukuu wake. Kupanda vibaya watu wangemsamehe, hata kusingizia wangemsamehe, lakini mwanamume kusimama mbele ya Mkuu na kuelekeza watu shimo la mwenzake lilipo, hilo Dolokapw haikuwahi kulisikia. Ewalihno alikuwa amefunika uso kwa viganja vyote viwili, na hakuna aliyejua kama analia au anacheka.

Mkuu akasema mtu asiyeweza kufunga mdomo kuhusu kiazi cha mwenzake hawezi kuitwa Kiroun. Akageuza kile kifuu cha sita, akaamuru kipelekwe kwa Ewalihno.

Kesdihna alitembea hatua kumi mbele ya mumewe njia nzima ya kurudi. Nyumbani alipika, akapakua wali na samaki wa kopo, akamwekea. "Kula, Perdus," alisema. Jina lile la ubatizo lilimchoma, akainama juu ya sahani. Kesdihna akaketi karibu naye. Akamwambia kwamba kaka yake amelia mbele ya watu leo, kitu ambacho hakukifanya hata baba yao alipokufa, na kwamba yeye Kesdihna sasa atakaa nyuma kanisani, na hasira zitamwisha labda Pasaka.

Wiki iliyofuata Perdus alikuwa shambani akijaza majani shimoni, hana jina la kulinda wala siri ya kuficha, aliposikia mtu anakohoa njiani. Alikuwa Mkuu, peke yake, bila msemaji wake, amevaa kandambili. Alisimama pale akitazama juu mitini kwa muda. Akasema kuhusu mashelisheli. Akasema kuhusu upepo. Perdus alikuwa ameshika konzi ya udongo, akangoja.

"Perdus," Mkuu alisema mwishowe, na sauti ilimtoka ndogo. "Viazi vyangu vinaoza. Mwaka wa nne huu. Ninavyompelekea mkuu wa wilaya ni vya shemeji yangu. Katika kijiji hiki kizima sina mwingine wa kumuuliza."

Perdus aliweka udongo chini, akasogeza matawi yaliyoficha mashimo, akamwambia aingie atazame vizuri.